Mti Usiozaa ni Kuni

Jumatatu, tarehe 9 Septemba 2024

Daftari, unisamehe. Miezi mitano bila neno! Sikuwa mgonjwa. Sikuwa safarini. Ulikuwa chini ya mguu wa kitanda, umewekwa hapo ili kitanda kisiyumbe. Kitanda cha nani? Cha shemeji yangu Bénédicte. Kitanda kiko wapi? Sebuleni kwangu! Leo nimekutoa na kuweka tofali mahali pako. Jalada lako lina shimo la mviringo. Moyo wangu pia unalo.

Niandike mambo kwa utaratibu.

Mwezi wa Aprili ziwa lilipanda likaingia nyumba za Kimanga ya chini, hapa Uvira. Nyumba ya Bénédicte, dada mdogo wa mke wangu Generose, ilisimama ndani ya maji hadi madirishani, kisha ukuta mmoja ukaanguka. Akaja kwetu na godoro, sufuria tatu, pipa la kutilia samaki chumvi, na maneno kwamba ni kwa majuma mawili. Majuma mawili! Ziwa limekwisha kurudi mahali pake. Bénédicte anasema yeye hana mahali pa kurudi. Kwa sasa anarudi kwenye kiti changu, kila jioni, na anakunja miguu juu yake.

Sasa Generose ametoa shauri. Dada yake ajengewe vyumba viwili. Wapi? Pale unaposimama mti wangu wa avoka, parachichi la watu wa pwani! Anasema kiwanja hakina nafasi nyingine: huku choo, huku jiko, huku barabara.

Mti huo niliupanda kwa mikono yangu mwaka niliostaafu ukarani wa mizani. Una umri wa miaka minane. Kivuli unacho. Majani unayo. Maua unatoa kila mwaka, meupe kama unga wa muhogo, na yote huanguka chini kama unga wa muhogo. Tunda hauna. Haujawahi.

Hapo ndipo hatari ilipo. Tangu babu zetu walipolima bonde la Ruzizi, sheria ya ukoo ni moja: mti unaozaa haukatwi mpaka aliyeupanda akubali. Mti usiozaa ni kuni, na kuni ni za mwanamke wa nyumba. Generose anaijua sheria hiyo vizuri kuliko mimi. Nimemwona akiutazama mti wangu kama mtu anayehesabu matita.

Ndugu yangu mkubwa Jean-Marie, tunayemwita yaya kwa heshima, mkulima wa Kamanyola, atashuka Jumapili tarehe 22 kuketi nasi na kuamua. Siku kumi na tatu. Nahitaji tunda moja. Moja tu! Likiwepo, mti unabaki, vyumba havijengwi, Bénédicte anatafuta kwingine, nami narudishiwa kiti.

Jumanne, tarehe 10 Septemba

Nimekwenda kwa jirani yangu Libérat, fundi wa baiskeli. Sikwenda kwa kupenda. Mti wake wa avoka umezaa hata ameyaegemeza matawi kwa magongo yasivunjike. Na mti huo uliota kwa kokwa aliyoitupa. Aliitupa! Shimo la mti wangu lilipimwa kwa kamba.

Akaniuliza ninautunza namna gani. Nikamweleza kwamba maua yanapotoka huyapuliza dawa ya wadudu asubuhi na jioni, ili asiwepo mdudu hata mmoja wa kuyagusa. Libérat akaweka spana chini. Akacheka mpaka akajishika mgongo.

“Muzee, weye unafukuza nyuki, halafu unangojea mimba?”

Nikamjibu kwamba sijapata kumwona nyuki aliyezaa avoka. Akaniambia niache dawa, hata juma moja tu, nione. Bila shaka! Ningekuwa na mti kama wake, hata mimi ningetoa mashauri ya kuwapoteza wengine. Huyu mtu ananionea wivu kwa sababu kivuli changu ni kipana.

Nilipofika nyumbani nilipuliza mara mbili.

Alhamisi, tarehe 12 Septemba

Aibu. Naandika kwa hasira.

Mti mgumba hutishwa. Kila mtu wa bondeni anajua. Jua likichomoza, mwanamume anaujia mti na panga. Anaupiga kwa ubapa mara tatu, anasema: leo nakukata. Mwanamke aliyezaa anasimama upande wa pili, anauombea: muache, baba, mwaka huu atazaa. Mti unaogopa, kisha unashukuru, kisha unazaa. Marehemu mama yangu aliuombea mchungwa wa shangazi, na mchungwa ule ukawachosha watu kwa matunda.

Nilihitaji mwanamke aliyezaa. Generose amezaa watano. Nikamwomba kwa heshima. Akasema ana haraka ya kwenda sokoni. Nikamwomba tena. Akaja, kanga begani, kikapu mkononi, uso wa mtu aliyeitwa kutia sahihi.

Nikaupiga mti. Pa! Pa! Pa! Nikapaza sauti: “Weye mti, miaka minane unakula udongo wangu! Leo nakukata!”

Kimya. Nikamkonyeza. Kimya. Nikarudia: “Leo nakukata!”

Generose akasema: “Kata.”

Nikamnong'oneza kwamba hayo siyo maneno yake. Akasema kwa sauti, ili mti usikie vizuri: “Baba Noella, weye ndiye umeshika panga. Kata, minye nitabeba.”

Nyuma ya ua Libérat akapata kikohozi. Kikohozi cha dakika tatu!

Ndipo Bénédicte akatoka jikoni, mswaki mdomoni, akakimbia mpaka kwenye shina akaliwekea mkono. “Muache, shemeji! Muache, mti huu haukukosea mutu!” Povu la dawa ya meno likamdondokea kidevuni.

Dhihaka! Mgeni anayengojea kujengewa juu ya mti huo huo anakuja kuuombea! Nikamwambia hakualikwa. Zaidi ya hayo yeye amezaa mmoja tu, na huyo yuko mbali. Akaondoa mkono wake polepole. Generose akanitazama kwa namna ambayo sitaiandika.

Jioni hii nimekuta chakula changu kimefunikwa kwa sahani, baridi, juu ya kigoda. Kitini alikuwapo mwingine.

Jumamosi, tarehe 14 Septemba

Nimepata dawa! Mzee mmoja aliyetoka Kiringye, tuliyekutana naye barabarani, ameniambia kwamba mti wenye majani mengi usiozaa umenenepa kupita kiasi. Unahitaji kukonda. Na kitu kinachokondesha ni chumvi. Kidogo, alisema. Kijiko kwenye ndoo.

Kijiko! Siku zimebaki nane. Hakuna wakati wa vijiko.

Chumvi ya kununua ni ya nini, wakati pipa la shemeji limejaa? Bénédicte anaweka mikeke, wale samaki wa ziwa letu, katika maji ya chumvi kabla ya kuianika na kuipeleka sokoni. Nilingoja aende. Nikachota ndoo tatu zilizojaa nikazimwaga shinani. Pipa nikalijaza maji ya bomba. Maji ni maji.

Furaha haikufika hata adhuhuri. Kwanza wakaja paka. Nilihesabu kumi na mmoja. Sikujua kwamba mtaa wetu una paka kumi na mmoja. Kisha mbwa wawili wakaanza kuchimba mizizi. Kisha bata wa Libérat wakapita chini ya ua, wote, kwa mstari, kama wanafunzi. Nikasimama na ufagio mpaka saa kumi.

Libérat alitokeza kichwa akaniuliza kama nimefungua mgahawa.

Jumanne, tarehe 17 Septemba

Majani yamekauka kingoni. Kahawia! Kama karatasi iliyopitishwa juu ya moto. Asubuhi nimeokota kikapu kizima.

Mikeke ya Bénédicte nayo imeharibika, kwa kuwa ililala katika maji matupu. Aliitupa shimoni. Alinusa pipa, akanusa udongo chini ya mti, akanitazama. Mimi nikatazama mlima.

Lakini subiri, daftari! Saa kumi na mbili na nusu nilitoka kupuliza dawa, nikamkuta shinani na ndoo. Anamwaga maji. Ndoo ya nne, ndoo ya tano, na udongo umekuwa tope. Nikamkamata! Nikamwambia kwamba sasa nimeelewa: anauzamisha mti wangu ili uoze kabla yaya hajafika.

Alitua ndoo chini. Akasema: “Shemeji, maji ndiyo yalinitoa kwangu. Niyachukue tena nije kuua nayo? Ninaosha chumvi.”

Nikasema kwamba atumie ndoo ya plastiki, si ile yangu ya bati.

Hakuna ujeuri unaoudhi kama ujeuri wa mtu anayesema taratibu.

Alhamisi, tarehe 19 Septemba

Siku tatu. Tunda hakuna. Maua yamekwisha kuanguka.

Nimekaa nikafikiri kama mtu mwenye elimu. Sheria inasema nini? Mti unaozaa haukatwi. Yaya atajuaje kwamba mti unazaa? Ataona tunda. Wapi? Mtini. Je, sheria inasema tunda limefikaje pale mtini? Haisemi! Babu zetu hawakulitaja jambo hilo hata kidogo.

Basi tunda litakuwepo.

Leo nimefanya jaribio kwa limau. Uzi wa nyavu, ule mwembamba ambao hauonekani. Bénédicte ana kibunda chake juu ya kabati. Fundo moja kwenye kikonyo, fundo la pili kwenye tawi, jani limefunika fundo. Nikarudi nyuma hatua kumi. Kamili! Mti wa avoka umezaa limau, na mtu asingesema vinginevyo.

Miaka thelathini na mmoja katika ukarani sikuwahi kukosea mzigo hata kilo moja. Kazi hii nitaifanya kwa kiwango hicho hicho.

Jumamosi, tarehe 21 Septemba

Nimenunua avoka saba kwa Florentine, yule anayeuza matunda karibu na kituo cha pikipiki. Nimezipima kwa mkono, moja moja, mpaka zikalingana. Alinipa kwanza zile ngumu. Nikazikataa. Mimi si mtu wa kuuziwa mawe. Yaya Jean-Marie ni mkulima. Atataka kuonja, na kitakachoingia kinywani mwake kiwe bora.

Florentine akaniuliza: “Muzee, unataka ya leo ao ya kesho kutwa?”

Swali gani hilo? Nikamwambia kwa ukali: ya leo! Akabonyeza kila moja kwa kidole gumba, akanichagulia laini kama siagi. Akanitakia mlo mwema. Wachuuzi wana maneno mengi.

Nimezificha katika sanduku la mizani yangu ya zamani, ghalani karibu na jiko.

Jumapili, tarehe 22 Septemba, asubuhi

Wanawake wamekwenda Misa ya kwanza. Kabla ya kutoka, Generose alisimama mlangoni akasema ana jambo la kuniambia kuhusu Bénédicte na mti. Nikamwambia Bwana hasubiri, nendeni. Akaanza tena. Nikamwambia nendeni! Akafunga mlango kwa nguvu.

Nikapanda ngazi. Avoka moja iliteleza ikapasuka juu ya kofia yangu. Zimebaki sita. Tatu upande wa barabara, mbili upande wa jiko, moja juu, peke yake, kama askofu. Sikuzikusanya pamoja, mti mwaminifu hauzai kwa kujionyesha.

Nimeketi chini yake. Nilitokwa na machozi kidogo. Hivi ndivyo ungalikuwa, mti wangu, kama ungalinisikiliza!

Jumapili, tarehe 22 Septemba, jioni

Nimeshinda. Nadhani nimeshinda.

Yaya alifika saa tano na vumbi la Kamanyola kichwani. Tuliketi: yeye, mimi, Generose, Bénédicte, na Libérat kama jirani shahidi. Wali ulikuwa tayari unanukia. Wali! Na kuku! Nilishangaa Generose kupika karamu siku ya hukumu.

Yaya akafungua kinywa kusema. Nikainua mkono. Nikamwomba kabla ya neno lolote ageuke atazame mti.

Akageuka. Wote wakageuka. Daftari, ungeziona nyuso zile! Generose alifanya ishara ya msalaba. Bénédicte alifunika mdomo. Libérat alivua kofia.

Yaya akainuka. Akaenda polepole mpaka kwenye tawi la chini, akashika avoka, akaibonyeza.

Kidole kikazama.

Akabonyeza ya pili. Kidole kikazama. Akapangusa kidole kwenye gome, mgongo umenigeukia. Kisha akauliza, kwa sauti ya upole mno: “Venant, mudogo wangu. Miaka sitini nalima. Minye avoka nazichuma zikiwa ngumu, nazifukia katika maharagwe siku tano ndipo zilainike. Mtini, avoka hailainiki. Ikikaa, inakaa ngumu. Hii yako iko inaivia mtini?”

Nilijua hilo! Kila mtoto wa Uvira anajua! Avoka haiivii mtini! Nilijua siku zote, ila sikulikumbuka jana sokoni. Macho yote kwangu. Libérat alikuwa anauma kofia yake.

Nikasema: “Ni mbegu mpya.”

“Mbegu mpya,” akasema yaya.

Nikasema ndiyo, ndiyo maana ilichukua miaka minane. Inajiandaa. Inaivia mtini, inatoka tayari kuliwa.

Akaichuma. Akaipasua. Akala nusu nzima, taratibu, bila chumvi. Akavuta kitu kati ya meno, kirefu, chembamba, akakizungusha kwenye kidole chake kama pete, akakitia mfukoni. Nadhani ulikuwa uzi wa shati.

Kisha akatoa hukumu. Mti unaozaa haukatwi! Mti wangu unabaki!

Nikasimama. Nikataka kupiga makofi. Lakini alikuwa hajamaliza. Akasema kwamba neema kama hii haifungiwi katika kiwanja kimoja. Dunia nzima haina avoka inayoivia mtini, nasi tunayo Kimanga. Kuanzia kesho kila anayetaka aje akate kijiti cha gerefe, yaani cha kupandikiza, akakiunge juu ya mti wake. Kijiti kimoja kwa kila nyumba. Yeye mwenyewe atalala hapa asimamie. Akaniuliza: “Venant, una neno?”

Nikasema sina.

Tukala wali. Sikuhisi ladha yake.

Jumatatu, tarehe 23 Septemba

Walianza kufika kabla sijanywa chai.

Libérat wa kwanza, na msumeno. Msumeno, kwa kijiti kimoja! Halafu wanakwaya, kila mmoja akidai kwamba yeye peke yake ni nyumba nzima. Halafu watu wa mtaa wa juu. Halafu jamaa zetu kutoka Kamanyola, waliopakizana watatu watatu kwenye pikipiki. Yaya aliketi chini ya mti, kwenye kiti changu, panga magotini, akiwapanga kwa mstari.

Na kila mara, kabla ya tawi kukatwa, alinigeukia: “Venant, una neno?”

Neno moja tu lingetosha. Nilizifunga. Hilo tu! Nililihisi kwenye ulimi kama mbegu ya ndimu. Nikatazama watu wale, nikamtazama Libérat, nikasema: “Sina.”

Kaa! Tawi likaanguka.

“Venant, una neno?”

“Sina.”

Kaa!

Saa nne akaja Florentine, muuza matunda. Huyu hana hata kitunguu kilichooteshwa! Akapita karibu nami akasema chini chini: “Muzee, minye nilikuuliza. Ya leo ao ya kesho kutwa.” Akachukua vijiti viwili, na yaya hakumzuia.

Saa nane mti wangu ulikuwa nguzo. Sikubakiwa na jani la kumfunika panzi. Miaka minane! Kivuli changu chote kimetembea kikaenda zake, kipande kipande, begani mwa watu wanaoimba.

Nilipoingia ndani kujificha, nilisikia mtu nje. Bénédicte. Amechanganya udongo wa mfinyanzi na majivu katika sufuria yake, amepanda kigoda, anapaka kila jeraha la mti, moja moja, kama mtu anayepaka mafuta mtoto. Nikamuuliza kwa ukali anafanya nini na mti wangu. Akasema ngozi iliyochanika hufunikwa. Hakugeuka.

Hata mti ukiwa nguzo hawezi kuuacha. Anaupimia vyumba vyake!

Jumatano, tarehe 25 Septemba

Yaya amerudi Kamanyola jana. Leo Generose alikuwa anachambua maharagwe, nami nikapita. Akasema, bila kuinua macho, nikae.

Nikakaa.

Akasema kwamba Ijumaa iliyopita Bénédicte alimpigia yaya simu. Alimwambia kwamba hataki mti wa mtu ukatwe kwa ajili yake. Amekwisha kuona vya kutosha vitu vikienda na maji, hataki kuona kingine kikienda na panga. Alimwambia kwamba ghala lile dogo karibu na jiko, lenye mizani zangu, linamtosha. Yaya akakubali kwenye simu ile ile. Jumapili alishuka kuja kutubariki na kula. Wali ule, kuku yule, vilikuwa vya kushangilia mti wangu!

Daftari. Mti ulikuwa umepona tangu Ijumaa.

Nikauliza kwa nini sikuambiwa. Generose akasema alinijia Jumapili asubuhi, mlangoni, mara mbili.

Nikasema angesema mara ya tatu! Mke mwema husema mara ya tatu!

Akainuka na ungo wake. Mlangoni akageuka akasema kwamba yaya amebadili mawazo: kama mti sasa ni nguzo, kwa nini mwanamke mzima alale katika ghala la panya? Jumapili tarehe 29 atarudi. Atauliza upya: nguzo ile ni mti unaozaa, au ni kuni? Ikiwa kuni, vyumba viwili, na tofali zitaletwa Jumatatu.

Nimekasirika na kila mtu. Na yaya kwa hila yake. Na Libérat kwa msumeno. Na Bénédicte kwa wema wake, ambao angeufanya kwa sauti kubwa zaidi kama alitaka nishukuru. Na mti. Juu ya yote na mti! Tunda moja tu ulishindwa!

Ijumaa, tarehe 27 Septemba

Nimelala vizuri. Nimefikiri. Na somo nimelipata, nalo nitalitunza maisha yangu yote.

Kosa lilikuwa moja: nilinunua laini.

Basi sasa. Osée, dereva wa Fuso, analeta kesho mgomba kutoka Kiringye, mzima, na mizizi yake, na mkungu ukining'inia juu. Ndizi mbichi, ngumu kama mawe! Nimemsisitizia mara nne: mbichi. Nitauchimbia kando ya nguzo, na Jumapili yaya atakuta kitu kinachozaa mahali pale pale. Abonyeze anavyotaka. Libérat, ambaye masikio yake hayana ua, ameniambia kwamba mgomba wenye mkungu ukiung'oa hauendelei, unalala chini siku ya tatu tangu kuchimbiwa. Nitauchimbia kesho, basi siku ya tatu ni Jumatatu. Hukumu ni Jumapili.

Asubuhi nilianza kuchimba shimo. Ardhi ni ngumu, mizizi ya avoka kila mahali. Baada ya nusu saa nikasikia jembe la pili. Bénédicte. Amefunga kanga kiunoni, anachimba upande wa pili, anaimba. Alichimba vizuri kuliko mimi. Hakukata mzizi hata mmoja. Kila mzizi aliuinua akaupitia chini.

Tulipofika magotini akajiegemeza juu ya mpini. Akasema: “Shemeji, asante. Sikutegemea weye mwenyewe uanze kunichimbia musingi.”

Nilifungua kinywa.

Akasema anaomba jambo moja tu. Mlango usitazame ziwa. Kila akifumbua macho asubuhi huwa anasikiliza kwanza kama sakafu ina maji.

Nikasema: “Utatazama mlima.”

Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Nilikuwa nimechoka, na jua lilikuwa kali. Akatabasamu akaendelea kuchimba, nami nikaendelea, na shimo limekuwa kubwa kupita shimo la mgomba. Hasira haikunirudia mpaka nilipofika kwenye kiti changu na kukuta kanga yake imeanikwa juu.

Osée amepiga simu sasa hivi. Mgomba umepakiwa, lakini mkungu umekatika kidogo njiani, na ameufunga kwa kamba. Ameniuliza kama haidhuru. Nimemwambia haidhuru kabisa, ila kamba iwe ya kijani.

Daftari, nakufunga hapa. Yaya anaketi Jumapili, na safari hii hukumu yake ni ya mwisho. Akishaamua kama pale patasimama mgomba au mlango, nitashika kalamu siku hiyo hiyo nikuandikie nani alikosea.